Gari letu la kwanza pale Nkoaranga: tulilichagua kama tunavyochagua ng'ombe

Wakuu, hamjambo humu ndani. Mnaonipa shikamoo, marahaba sana. Msionipa nawasalimu vilevile, mimi si mtu wa kinyongo.

Juzi nimewasoma mkigombana. Kijana mmoja anataka kununua gari lake la kwanza, nusu yenu mnamwambia achukue jipya la showroom, nusu mnamwambia achukue used. Mmefika mpaka kutukaniana mama zenu, ambao hata gari hilo hawajaliona.

Nikasema ngoja bibi yenu naye aseme lake.

Shule nilisoma madarasa mawili, kisha nikaitwa nyumbani kulea wadogo zangu, kwa hiyo herufi zikinipotea mnivumilie. Lakini jina la mtu, au la ng'ombe, halijawahi kunipotea. Na anayedhani bibi anatunga, apande Nkoaranga, kwetu Mlima Meru, akaulize, wapo wazee waliokuwa wamebebwa mgongoni siku hizo ninazosimulia.

Ilikuwa enzi ya Mwingereza. Mimi nimeolewa na Elifuraha, nina mtoto mmoja, Aminieli, na wa pili yuko tumboni.

Sasa niwaeleze kwanza habari ya shingo, maana yote yalianzia hapo.

Mama mkwe wangu, Ndeshukurwa, alikuwa hawezi kugeuza shingo. Ukimwita kutoka pembeni anageuka mwili mzima, kama mlango. Ni ndizi zile. Tangu usichana wake alibeba mikungu kichwani kutoka mgombani mpaka soko la Tengeru, kwa vile vinjia vyetu vya mteremko, mvua na jua, mpaka shingo ikaganda.

Na mimi nilikuwa nimeanza. Asubuhi nikiamka nasikia shingo inalia kama kuni kavu. Nikimwangalia mama mkwe nageuka upande mwingine haraka, wakati bado ninaweza kugeuka.

Mwaka ule kahawa ikapata bei nzuri. Baba mkwe, Mzee Ndewirwa, akatuita wote uani, akasema neno moja tu: "Tunanunua gari."

Kina mama tulipiga vigelegele hata kabla hajafunga mdomo.

Lakini gari gani? Hapo ndipo mambo yalipoanza.

Shemeji yangu Anaeli, kaka mkubwa wa Elifuraha, alikuwa amekwisha chagua. Anaeli alikuwa na sauti ya besi, akiimba kanisani madirisha yanatetemeka, na alijua hivyo, hata kuomba chumvi aliomba kwa besi. Yeye alitaka pikapu mpya ya kijani aliyoiona mjini, kwenye duka la Mhindi mmoja.

"Baba, viti bado vina karatasi! Hakuna makalio ya mtu yaliyogusa pale!"

Elifuraha, mume wangu, alikuwa mtu wa maneno machache. Udereva alijifunza jeshini wakati wa vita. Akasema kuna Mzungu wa shamba la bondeni, yule tuliyemwita Bwana Kofia, anarudi kwao Ulaya na anauza pikapu yake.

Anaeli akacheka. "Yaani sisi, ukoo mzima, tuvae suruali ambayo Mzungu ameichoka?"

Watu wakacheka. Na mimi nilicheka, nisiwadanganye.

Baba mkwe hakucheka. Akanigeukia. "Mke wa Elifuraha. Sumuni, nani alimchagua?"

Sumuni alikuwa ng'ombe wetu. Nilimchagua mimi nikiwa bibi harusi mgeni, wanaume wote wakimtaka mwenzake aliyekuwa mweupe na mnene. Yule mweupe alinunuliwa na jirani, hakuwahi kujaza kibuyu. Sumuni alitulea sote.

"Ni mimi, baba."

"Basi nenda na mumeo mkaangalie magari hayo mawili. Mkirudi tutakusikia."

Anaeli akaruka. "Baba! Kwani gari lina chuchu?"

Uani hapo watu walivunjika mbavu. Ndipo mama mkwe akajibu kutoka jikoni, bila hata kutokeza kichwa: "Halina. Lakini linakula. Mwache mtoto aende."

Niwaambie nilivyofundishwa. Baba yangu, Mzee Nderingo wa Poli, hakuwa na mtoto wa kiume mkubwa, kwa hiyo akienda kununua ng'ombe upande wa Waarusha alinichukua mimi.

Alikuwa na taratibu zake. Hafiki mchana. Anafika alfajiri, hajatoa taarifa, amwone ng'ombe akiinuka, na aone chini yake kuna nini. Wauzaji wengine hawamkamui ng'ombe jioni ili asubuhi kiwele kijae, mgeni adanganyike, kwa hiyo baba alishika kiwele kwanza ndipo akasalimia watu. Kisha hamuulizi mwenye ng'ombe, anamuuliza anayekamua. Na mwisho anampandisha mlima, maana kwetu kila kitu kitapanda mlima.

Mtamba, yule ambaye hajazaa, baba aliweza kumsifu mpaka jioni. Lakini kama anataka maziwa mwaka huu, hanunui mtamba.

Basi tukaanzia mjini. Ile pikapu ya kijani ilikuwa nyuma ya kioo, inang'aa, unajiona uso wako mpaka ushungi. Nikasema kimoyomoyo, kweli Anaeli ana macho.

Nikamuuliza muuzaji, "Limeshapanda mlima?"

"Mama, hili jipya kabisa. Halijaenda popote."

"Nani anayejua tabia zake?"

"Halina tabia, mama! Ni jipya!"

Yule muuzaji hakuwa na kosa lolote, alisema kweli tupu. Lakini mimi nilikuwa nimebeba mtoto tumboni na shingo inalia, sikuwa na nafasi ya kusubiri kitu kionyeshe tabia.

Kesho yake alfajiri tukashuka kwa Bwana Kofia. Umande umetulowesha mpaka magoti. Pikapu ilikuwa bandani, rangi yake hata sijui niiteje, zamani labda ilikuwa ya bluu.

Sikusalimia mtu. Nikaenda moja kwa moja nikaweka kiganja juu ya boneti. Baridi kama jiwe la mtoni. Hakuna aliyeliamsha kabla yetu.

Nikachuchumaa na tumbo langu, nikaangalia chini yake. Kuna doa moja la oili.

"Hilo doa lisikutishe," mtu akasema nyuma yangu. Ni Lemburis, Mwarusha, dereva wa pale, ameshika mswaki mdomoni. "Linadondosha hapo hapo tangu nimelijua. Likidondosha kwingine, ndipo uogope."

Nikajua nimempata anayekamua.

"Niambie mabaya yake," nikamwambia.

Lemburis akamtazama Elifuraha, kama anauliza huyu mama umemtoa wapi.

"Gia ya pili haitaki haraka," Lemburis akasema. "Ukiilazimisha inapiga kelele kama mbuzi. Rejeta inataka maji kabla ya mlima, si katikati ya mlima. Na mlango wa kushoto unafunguka kwa teke."

"Mazuri yake?"

Akacheka. "Halijawahi kulala njiani nami ndani yake."

Nikasema basi liwashwe, tulipandishe mpaka kwetu, na si tupu. Magunia ya kahawa yalikuwa pale, yakapakiwa, na vibarua wa kike waliokuwa wanaingia kazini nikawaomba wapande juu ya magunia. Majina yao nayakumbuka: Nailepo, Ruthi, Nembris na Anansia. Wakapanda wakiimba.

Wakuu, gari lile lilivuta. Pale kwenye kona ya chini ya kanisa, mahali ambapo hata punda hujifikiria, liliunguruma, likalia kile kilio cha mbuzi, likapita. Watu walitoka mashambani kuangalia.

Nikatoa taarifa yangu uani. Nikataja na mabaya yote, doa, gia, rejeta na mlango. Nikasema, "La kijani ni zuri kuliko hili. Lakini hili tunajua litatusumbua wapi. Lile hakuna anayejua."

Mzee Ndewirwa akasema, "La bondeni."

Anaeli akainuka akaondoka. Baadaye akachukua fungu lake, akaongeza na la wakwe zake, akalinunua lile la kijani peke yake. Hatukumzuia, jasho ni lake.

Sasa sikilizeni vituko.

Gari la Anaeli lilikaa kama mwali aliyewekwa ndani. Alilijengea kivuli. Akalifunika kwa majani makavu ya mgomba, jogoo asije akalichafua. Akitaka kuliendesha anavua viatu kwanza. Ndizi? Ndizi zina utomvu, utaharibu rangi. Kahawa? Magunia yatakwaruza bodi.

Mkewe Elirehema, rafiki yangu wa damu, Jumamosi anapita mbele ya gari la mumewe na mkungu kichwani, anateremka Tengeru kwa miguu. Siku moja tukamkuta njiani, tukasimamisha letu.

"Mama Aminieli," akaniambia akipanda, "kwetu tuna mwali. Analishwa tu, hashiki jembe."

Letu tuliliita Kofia, jina la mwenyewe wa kwanza. Kofia lilibeba ndizi, kahawa, majani ya ng'ombe, wagonjwa wa hospitali, na matarumbeta ya kanisani. Mlango wake tuliupiga teke mpaka watoto wakadhani milango yote ya magari iko hivyo. Na kichwani kwangu sikubeba tena mkungu. Shingo ikanyamaza taratibu, siku moja nikashtuka kwamba siisikii.

Ikaja masika. Ikaja Jumapili ya kipaimara, kanisa limejaa mpaka nje. Anaeli akaona ndiyo siku. Akalitoa la kijani, kavaa kofia na tai, anasindikizwa na wanakwaya wawili nyuma wamesimama.

Sisi tuliokuwa juu kanisani tukasikia honi kutoka chini. Kisha tukasikia injini inalia. Kisha kimya.

Kona ile ile ya chini ya kanisa. Gurudumu limezama mpaka katikati, na kila akikanyaga mafuta, tope linaruka juu ya kanzu za wanakwaya. Hakuwahi kuliendesha kwenye tope hata siku moja, atajuaje? Wanaume wakasukuma, wakaanguka, wakainuka weusi. Ibada ilipoisha kanisa zima likaja kusimama pale juu, na nguo za sikukuu.

Sisi tulikuwa tumekwisha rudi nyumbani kupika. Nikaona mtu anakuja kwa mguu, peku, suruali imekunjwa, tope mpaka kwenye tai. Mkononi ameshika jani la isale.

Kwa wasiojua, kwetu Umeruni mtu akikuletea jani la isale anakuomba radhi, na jani hilo halikataliwi. Wanaume waliogombania mashamba wanapatanishwa kwa jani hilo. Kwa habari ya gari, nilikuwa sijawahi kuliona.

Nilidhani atampa mdogo wake. Akapita mbele ya Elifuraha, akanijia mimi, akanipa kwa mikono miwili. Na ile besi yote ilikuwa imekwisha.

"Shemeji," akasema, "gari lina chuchu."

Jamani! Mama mkwe alicheka mpaka akashika ukuta. Mzee Ndewirwa aligeukia mgombani, mabega yanatikisika.

Nikalipokea jani, nikalifunga mbele ya Kofia, kwenye bampa. Elifuraha akajaza maji rejeta kabla ya mlima, si katikati. Tukaenda.

Kufika pale, kamba imekwisha fungwa, nani kasimama katikati ya magari mawili? Elirehema, na kitambaa chake cheupe cha kanisani.

"Halivutwi," akasema.

"Mama, toka, utaumia," Anaeli akamwambia.

"Halivutwi mpaka useme mbele ya watu hawa. Jumamosi linabeba nini?"

Kanisa zima linamtazama Anaeli. Mchungaji mwenyewe anaangalia viatu vyake.

"Linabeba ndizi," Anaeli akasema.

"Sikusikia. Na besi yako iko wapi?"

"LINABEBA NDIZI!" Na hapo besi ikarudi, nafikiri hata Tengeru walisikia.

Elirehema akatoka njiani. Elifuraha akatia gia ya pili polepole kama alivyoambiwa na Lemburis, mbuzi hakulia hata kidogo, na la kijani likang'oka topeni! Vigelegele vile sijavisikia tena, hata siku ya Uhuru niliona kina mama wanajikaza tu.

Na niseme kweli, Jumamosi ile la kijani lilibeba ndizi. Likakwaruzika, likachafuka utomvu, likajua mlima, likawa gari zuri kabisa. Lilifanya kazi miaka mingi, Elirehema akikaa mbele.

Kwa hiyo wewe kijana unayetaka kununua, sikwambii used ni bora kuliko jipya. Ubaya haukuwa kwenye upya. Jipya lako likiwa la kufunikwa majani huku mkeo anatembea kwa miguu, basi hujanunua gari, umenunua mwali. Na ukichukua used, nenda alfajiri bila taarifa, shika boneti kabla hujasalimia, chungulia chini, mtafute anayeliendesha kila siku umuulize mabaya yake, kisha ulipandishe mlima likiwa na mzigo. Asiyekutajia baya hata moja, mwachie gari lake.

Mimi sasa naishi Moshono. Nimezeeka, magoti yananidai, meno yamebaki ya kuhesabu. Lakini jirani akiniita kutoka dirishani, nageuza shingo tu. Mwili unabaki pale pale ulipo.

Haya, wakuu, nanyi semeni: gari lenu la kwanza lilikuwa lipi, na lilimpunguzia nani mzigo? Nitasoma yote. Anayetukana mama za watu nitamjua kwa jina.