Kitabu Chembamba cha Senge

Kitabu kikikaa miaka mingi ndani ya gunia lililowahi kubeba omena, wale dagaa wa ziwani, hukisomi bila kuonja ziwa. Juzi nilifungua kimoja pale soko la Busia, harufu ikanipanda puani, na papo hapo nikawa na miaka kumi na miwili, nimesimama nyuma ya leso ya Senge, namwomba Mungu amzuie asiulize bei ya kitabu kwa kilo.

Senge ni dada ya baba. Ndiye aliyenilea kule Marachi tangu Mama avuke mpaka kutafuta biashara upande wa Iganga. Mama alisema atarudi mahindi yakikomaa. Hakusema mahindi ya mwaka gani.

Kama hujaishi karibu na mpaka, nikueleze: kwetu kitu hushukiwa kwanza, kununuliwa baadaye. Sukari Senge aliilamba. Sabuni aliikwaruza kwa ukucha. Ndala alizikunja mpaka muuzaji akazihurumia. Noti aliiinua juani hata kama ni ya sadaka. Sokoni walimwita Mama Feki, naye alilivaa jina hilo kama medali, kwa sababu hakuna aliyewahi kumtapeli.

Mimi nilitaka kitabu kimoja tu. Mwalimu wetu wa Kiingereza alikuwa akitusomea kila Ijumaa hadithi ya kale ya msichana anayepita lango la mawe na kuingia nchi ya majitu, kumtafuta mama yake aliyetangulia huko. Tulipofika katikati, mwalimu akahamishwa kwenda Kocholia, kitabu kikiwa kwenye begi lake. Sikumwambia mtu kwa nini nauhitaji ule mwisho. Nilisema ni cha kuboresha Kiingereza.

Muuzaji mmoja kutoka ng'ambo alikuwa nacho, tena viwili. Kimoja kinene, jalada limechubuka, kurasa rangi ya chai ya maziwa. Kingine chembamba, kinang'aa, picha kila ukurasa. Jina moja, msichana yuleyule.

Senge alivinusa vyote, akavipima, kila kimoja kiganja chake.

"Jina moja, uzito mbili," akasema. "Hapa kuna kimoja kinadanganya."

"Nyabo, mama yangu, vyote vizuri," muuzaji akajibu. "Hicho kinene ndicho chenyewe, kama kilivyoandikwa. Hicho kingine kimefupishwa, cha watoto."

"Kimefupishwa? Walichotoa wamepeleka wapi?"

"Senge, nataka kinene," nikasema, na kwa sauti niliyodhani ni ya mtaalamu nikaongeza, "Hicho chembamba ni feki. Kinanuka rangi."

Alinitazama kwa fahari, kama fundi anayeona mwanafunzi wake ameshika nyundo sawasawa. Halafu akaniuliza kwa nini nakitaka sana. Nikasema Kiingereza. Akanitazama tena, safari hii kama anavyotazama noti.

"Enda ulete mandazi," akasema.

Kutoka kwa mama wa mandazi niliwaona. Senge ameinama, anauliza. Muuzaji anaeleza, mikono yake ikichora lango, jitu, njia ndefu. Kisha mikono ikatulia, akatikisa kichwa. Niliporudi, kitabu chembamba kilikuwa tayari kikapuni, chini ya sukuma wiki.

Nilinuna mpaka Marachi. Kurasa mbili za mwisho zilinitia shaka sana: jitu linaomba msamaha, lango linafunguka, mama anatoka, wanarudi nyumbani kupika. Hivyo tu? Hata sukari feki haiyeyuki haraka namna hiyo. Lakini niliusoma mwisho ule mara nyingi mno, nikiwa na shaka kila mara.

Tangu hapo sikumpumzisha. "Mama Feki mwenyewe, alitapeliwa na picha!" Nilimtania mbele ya wageni, kwenye matanga, hata siku mchumba wangu alipokuja kujitambulisha. Senge alicheka tu. "Siku hiyo macho yalikuwa na vumbi," alikuwa akisema.

Juzi ndiyo nikanunua kinene. Mimi ni mtu wa kukaa nyumbani. Mpaka uko hapo tu na sijawahi kuuvuka, huwa nasingizia foleni. Nilikisomea jikoni siku mbili, maharagwe yakaungua mara moja. Msichana anazunguka nchi yote ya majitu. Anaambiwa mama yake alipita hapo, akachagua kukaa mbele zaidi. Hampati. Ukurasa wa mwisho yuko peke yake, anabisha mlango wa kwao.

Mama hakurudi. Baadaye sana tulisikia ana nyumba nyingine huko na watoto wengine. Yaani mimi ndiye niliyesikia baadaye. Senge alikuwa anajua tangu kabla ya siku ile ya mandazi. Mtu ambaye soko zima lilishindwa kumuuzia feki alinunua moja macho yakiona, akanivumilia miaka yote nikimwita mjinga.

Nilimpelekea kitabu kinene. Macho yake siku hizi hayamtumikii vizuri, lakini kucha bado zipo. Akakinusa, akakikwaruza jalada, akakipima kiganjani.

"Ndicho kile?"

"Ndicho, Senge. Nimekimaliza."

Kisha akakirudisha mapajani mwangu, taratibu, kama mtu anayerudisha mtoto wa wenyewe.

"Hiki ndicho feki," akasema.