Mama Mkubwa Hakuimba Kabatini

Vyombo vyangu vya kurekodia nilivinunua Paje, kwa mgeni mmoja aliyekuja kuteleza baharini juu ya ubao unaovutwa na tiara, akavunjika mguu siku ya tatu, akamaliza likizo yake kitandani akijirekodi anapiga gitaa. Alipokuwa anarudi kwao hakutaka kubeba kitu. Nikarudi mjini na maiki, hedifoni, na kisanduku kidogo cha kuunganishia maiki na kompyuta, ambacho kila nikikiinamisha kilimwaga mchanga.

Mimi ni mwalimu wa hesabu, skuli ya msingi. Kabla ya kuolewa nilikuwa napiga akodiani katika kikundi cha taarabu cha wanawake. Kikundi kile hakikuvunjwa na mtu. Huyu aliolewa, yule alijifungua, mwengine akahamia Chukwani, mwisho tukabaki wawili tukitazamana. Hamu ya muziki lakini haikuhama. Nikajiambia, kama watu hawapatikani, basi nitajirekodi mwenyewe, leo akodiani, kesho sauti, keshokutwa nizichanganye.

Walimu wangu walikuwa vijana wa mtandaoni, na wote walianza na agizo moja: tafuta chumba kimya. Sisi tunakaa ghorofa ya pili, Mji Mkongwe, na dirisha letu linatazamana na la jirani, unaweza kumpa chumvi bila ya kutoka ndani. Niliposikiliza kazi yangu ya kwanza nikagundua nimerekodi vespa tatu, kunguru, na mwanamme kichochoroni anayelalamika kuwa samaki aliyeuziwa jana alikuwa ameshalala. Mimi mwenyewe nilisikika kwa mbali, kama niliyepita tu.

Kijana mmoja wa mtandaoni akasema kabati la nguo hunyonya kelele. Tunalo moja kubwa la mbao, la urithi. Nikaning'iniza maiki katikati ya kanzu za mume wangu, nikawa naingiza kichwa na kuimba. Mume wangu ni mtu mpole, lakini Ijumaa moja alisimama mlangoni na taulo kiunoni.

"Kanzu yangu nyeupe iko wapi?"

"Imo studio," nikamjibu.

Akavaa ya kijivu.

Mambo yalikuwa hivyo alipokuja mama mkubwa, dada yake marehemu mama yangu. Ni mkulima wa mwani kule Jambiani, mwanamke mwenye mikono ya kamba na sauti ya kuita mtu aliyeko upande wa pili wa maji. Alikuja kutolewa mtoto wa jicho, na daktari akamwambia akae mjini wiki mbili, asiiname, asibebe kitu, asiingie baharini. Jicho moja likafungwa pamba. Hakuna adhabu kubwa kwake kuliko kukaa kitako. Siku ya kwanza alilala. Siku ya pili alikunja nguo zote za nyumba. Siku ya tatu alinisikia nikirejea kusikiliza maneno manne yale yale, mara ya thalathini.

"Mwanangu," akaita kutoka ukumbini.

"Naam, mama."

"Huyo anayeimba kakosa nini hata asiachiwe amalize?"

Nikamweleza kwamba ni mimi, natafuta pale ninapoteleza. Akaja akakaa, akasikiliza kwa adabu. "Unaimba kama unayeogopa kuamsha mtoto," akasema. "Hebu nipishe."

Nikamfungulia kabati. Akalitazama kwa jicho lake moja, akanitazama mimi.

"Mimi? Niimbe humo? Na nguo za mume wa mtu?"

"Ndiyo inavyofanywa, mama. Kwa kelele."

"Kelele za nani? Mimi nikiimba, wao ndio watakaosikia kelele."

Hakuingia. Alikaa kitandani, akakunja miguu, nami nikaivuta maiki hadi mbele yake. Akatoa neno la kwanza na taa nyekundu kwenye kisanduku ikawaka, yaani sauti imezidi. Nikapunguza. Ikawaka tena. Nikaisogeza maiki nyuma, na nyuma tena, mpaka ikafika karibu na mlango, na hapo ndipo taa ilipotulia. Godoro na mito, kumbe, vilifanya kazi nzuri kuliko kanzu zote.

Aliimba wimbo wanaouimba yeye na wakulima wenzake wakifunga mwani, wa siku ambazo mawimbi yamechukua mazao pamoja na kamba zake:

*Bahari mwani chukua, niachie yangu kamba,*
*kamba nimeinunua, mwani Mola ameumba.*

Nilisimama na hedifoni masikioni, sikuthubutu hata kukohoa. Alikwenda ubeti wa kwanza, wa pili, akaingia wa tatu, hakuna vespa wala kunguru, nikawa nshaanza kumshukuru Mungu moyoni. Mara nje ya mlango:

"Hodi!"

Ni jirani yetu wa dirishani, kaja na sahani ya visheti kumwangalia mgonjwa. Nilitaka kulia. Lakini mama mkubwa hakusita hata kidogo. Kwa sauti ile ile, kwa mwendo ule ule, akaimba:

*Jirani pita ukae, ndara acha mlangoni.*

Jirani akaingia, miguu mitupu, akasimama na sahani yake kama aliyesahau alichokuja kufanya. Mama mkubwa aliporudi kwenye kamba na bahari, yeye akaitikia, na kidole chake kikawa kinagonga ukingo wa sahani. Wakamaliza pamoja. Kisha wakaamkiana kama kwamba hakuna kilichotokea.

Nikamvisha mama mkubwa hedifoni juu ya mtandio wake ajisikilize. Alisikiliza kidogo tu, akanishika mkono.

"Huyu nani?"

"Wewe, mama."

"Siye mimi huyu. Huyu mama yako."

Akazivua, akazifuta kwa ncha ya khanga, akazivaa tena. Tulimwacha asikilize mpaka mwisho. Jirani alikwenda kuchemsha chai, jikoni mwangu, bila ya kuniuliza.

Kazi ya kuchanganya ilinichukua siku zote zilizobaki. Kwanza nilimtia mwangwi, maana vijana wa mtandaoni wanaupenda sana. Akasikiliza. "Umenitia kisimani," akasema. "Nitoe." Nikamtoa. Nikaongeza akodiani chini ya sauti yake. "Akodiani nzuri, lakini inanitangulia mlangoni. Mimi ndiye mgeni, yeye anibebee mzigo." Nikaishusha, na kweli, wimbo ukakaa sawa. Kijana hata mmoja hakuwahi kunieleza jambo lile kwa maneno machache namna ile.

Mgogoro ulikuwa juu ya hodi. Mimi nilitaka kuitoa. Nilikata hapa nikaunga pale, na kila nikikata pakabaki pengo, kama mtu aliyemeza neno. Mama mkubwa alipojua ninachofanya alikasirika kweli kweli.

"Mtu kaja na sahani mkononi, wewe wamtoa?"

"Lakini mama, kwenye wimbo…"

"Kwenye wimbo au kwenye nyumba, mgeni hatolewi."

Hodi ikabaki. Niliutuma wimbo kwa simu kwa watoto wake Jambiani, na kabla ya siku mbili umeshazunguka kijiji kizima. Kuna waliodai mpiga hodi ni mtu wa kwao. Jirani yangu naye habari zilimfikia, na tangu hapo akitajiwa wimbo ule husema "wimbo wetu," tena bila ya kucheka.

Wiki mbili zilipotimia, pamba ikatolewa, nikampeleka mama mkubwa kwao. Tuliwakuta wenzake bandani wanafunga mwani kwenye kamba. Nikawatolea shikamoo, wakanijibu marahaba, na papo hapo wakaniuliza maiki iko wapi. Nilikuwa nayo mkobani, nilijua nakokwenda. Upepo wa bahari ulikuwa unavuma, nikaivisha maiki soksi, wakanicheka. Wakakaa duara, wanawake kumi na mmoja, na hakuna hata mmoja aliyekubali kukaa nyuma. Nilipowaomba wengine wapunguze sauti kidogo ili wengine wasikike, kila mmoja alimtazama aliye pembeni yake.

Sasa hivi ndiyo kazi niliyonayo. Sauti kumi na moja, zote za kuita watu ng'ambo ya maji, na upepo juu yake. Nikitoka skuli nakaa nazo hadi magharibi, napandisha hii nashusha ile. Wananipigia simu mmoja mmoja, kwa siri, kuniuliza kama sauti yake ndiyo iliyotangulia. Nawajibu wote kuwa ndiyo.