Merle Yuko Nje

Arlys Haugen hakujua kusema uongo, na hiyo haikuwa sifa, ulikuwa upungufu tu, kama wa mtu asiyejua kuogelea. Alipika katika jiko la shule huko Broken Bow, Nebraska, kwa miaka ishirini na sita, na mtoto akimuuliza kama mchuzi ni wa jana, alijibu kuwa ni wa jana. Mumewe Gaylen, fundi wa pampu za maji mashambani, hakuwahi kufichwa naye hata jozi ya viatu aliyonunua. Ndiyo maana siku zile mbili za Wyoming zilimzeesha kuliko miaka yote hiyo.

Safari iliyowafikisha huko ilikuwa wazo la Merle Stanek. Merle na Gaylen walikuwa chanda na pete tangu darasa la kwanza, na siku ya harusi kila mmoja alimsimamia mwenzake. Wastaafu wanane, magari-nyumba manne, walikuwa wakifuata Njia ya Oregon waliyopita wahamiaji wa zamani kwa magari ya ng'ombe wakielekea magharibi. Wahamiaji wale walichagua kapteni kwa kura, basi na hawa wakapiga kura. Merle akapita bila kupingwa, akajinunulia na kofia. Wale wa zamani walihimizana kufika kwenye Jabali la Uhuru ifikapo tarehe nne Julai, sikukuu ya uhuru wa Marekani, wasije wakakwama na theluji milimani, basi na hawa ikawa lazima wafike tarehe nne Julai, saa sita mchana. Theluji iliwahusu nini watu wenye viyoyozi, hilo hakuna aliyeuliza.

Tarehe mbili walisimama kula mahali ambapo magurudumu ya wahamiaji yalichimba mwamba mpaka usawa wa goti. Merle, mkate mkononi, akawa anawahadithia habari za kipindupindu.

"Mtu akizidiwa, msafara hausimami. Wanamwachia mmoja wa kungoja mpaka akate roho, amzike, kisha awafuate. Wengine walianza kuchimba kaburi huku mgonjwa anasikia koleo."

"Watu gani hao?" Gaylen akauliza.

"Watu wenye haraka."

"Mkiniacha mimi, nitawafuata hivyo hivyo ninavyokufa."

"Nikuache wewe, nani atanitukana asubuhi?" Merle akasema, na wote wakacheka.

Nusu saa baadaye, wakipanda kuyaona yale mapito ya magurudumu, Gaylen alikaa chini ghafla akashindwa kusimama. Gari la wagonjwa likampeleka hospitali ndogo ya mji wa karibu. Daktari hakumzungusha Arlys. Moyo umechoka, akasema, na kumsafirisha kwenda mbali ni kumuulia njiani. Imebaki siku moja, labda mbili.

Asubuhi ya tarehe tatu Merle alimkuta Arlys kwenye korido. Kofia alikuwa ameivua.

"Shemeji, tumekaa, tumezungumza," alianza, na Arlys akajua yaliyobaki. "Viwanja vya kuegesha na kulala huko mbele tulishavilipia, na sikukuu hii hupati pengine. Kesho tunafika Jabalini, kesho kutwa niko hapa."

"Daktari kasema siku moja, Merle."

"Madaktari wanasema mengi. Gaylen ni punda yule, humjui?"

"Basi ingia umuage."

"Nisimwamshe," Merle akasema, akiangalia viatu vyake.

Gaylen alikuwa macho. Arlys aliporudi chumbani, swali lilikuwa tayari linamngoja.

"Merle yuko wapi?"

"Yuko nje." Mdomo ulisema kabla hajaushauri. "Wote wako nje, wameegesha hapo."

"Mwambie aingie."

"Wanaruhusu mtu mmoja tu."

Gaylen akatabasamu kidogo. "Anaogopa hospitali yule, tangu mama yake. Mwache tu, ilimradi yupo."

Kuanzia hapo ikambidi Arlys aulishe ule uongo kama mtoto mchanga. Mchana Gaylen alipouliza tena, alimwambia Merle anachoma soseji na kuwagombeza watu. Jioni akasema ameleta salamu, pamoja na matusi mawili. Nesi alipoingia na kutaka kufungua pazia, Arlys alimdaka mkono.

"Mwanga unamuumiza macho."

Nesi alichungulia nje, palipokuwa na gari-nyumba moja tu, la akina Haugen, katikati ya lami tupu. Akamtazama Arlys, akaliacha pazia lilivyo.

Asubuhi ya tarehe nne sauti ya Gaylen ilikuwa imebaki nyembamba.

"Bado yupo?"

"Yupo."

"Nilijua," akasema. "Wengine wangeondoka. Merle, hapana."

Alikufa saa tatu, mkono wake ukiwa ndani ya mikono ya mkewe.

Saa sita simu ikalia. Nyuma ya sauti ya Merle kulikuwa na upepo, na watu wakishangilia.

"Shemeji, tumefika. Mgonjwa anaendeleaje?"

"Amefariki saa tatu."

Merle akasikika akiwaambia wenzake wanyamaze.

"Alikuulizia mara nne," Arlys akasema.

"Ukamwambia nini?"

"Nilimwambia uko nje."

Akasikia pumzi ndefu ikimtoka, ya mtu aliyetuliwa mzigo, kisha kilio.

"Asante, shemeji. Mungu akubariki. Asante sana."

Arlys akakata simu. Usiku na mchana alikuwa ameubeba uongo ule kwa ajili ya mumewe, na aliyetoka nao salama ni Merle. Gaylen alikwenda akimsifu, na sasa hapakuwa na namna ya kumfuata amwambie ukweli.