Jalada la Mama Lilitoka Jeusi Tupu

Jina la mama yangu lilikuwepo kwenye kompyuta. Nililiona kwa macho yangu haya mawili.

Kwenye vijitabu mia nne tulivyogawa siku ya mazishi yake, halikuwepo hata kwenye kimoja.

Usiniulize kama nilikuwa nimelewa. Sinywi.

Kazi yangu ni kuandaa kurasa kwenye kiwanda cha uchapaji kabla hazijaenda mashineni. Miaka kumi na sita sasa. Wenzangu waliniita Daktari wa Rangi, na nakiri, sifa hizo zilinivimbisha kichwa.

Mama alikuwa na duka, basi mtaa mzima ukamwita Mama Dukani. Hata baba alimwita hivyo. Siku mbili kabla hajafumba macho alinishika mkono.

"Mwanangu, siku hiyo mniandike kwa jina langu. Nilipewa na bibi yako, halijatumika."

Akacheka. Mimi nililia.

Basi jalada lote nikalitengea jina. Ndani, wasifu tuliuandika sisi watoto: "mama yetu" mwanzo mwisho.

Kwanza niliweka jina kwa wino mweusi juu ya manjano. Sasa nisikilize vizuri. Herufi nyeusi hatuzikatii nafasi kwenye rangi ya chini. Tunaziamuru zipite juu yake, maana karatasi ikisogea hata unywele tu mashineni, utaona ufa mweupe pembeni mwa kila herufi. Nikachapa sampuli. Safi kabisa.

Asubuhi dada akapiga simu.

"Manjano ya nini, kaka? Kwani ni harusi? Weka jalada jeusi, jina jeupe."

Nikabadili rangi, dakika mbili nyingi. Sampuli ya pili sikuchapa. Jeneza lilikuwa linanisubiri, na tena, nani angemkagua Daktari?

Maboksi yakafunguliwa makaburini. Shangazi akachukua kijitabu cha kwanza, akakigeuza mbele, akakigeuza nyuma.

"We mtoto, hiki ni kitabu au kigae? Jina la wifi yangu liko wapi?"

Nikajua palepale. Rangi nilibadili, ile amri ya kupita juu ikabaki kwenye herufi. Na nyeupe yetu si wino, ni karatasi iliyoachwa bila kuguswa. Ukiiamuru ipite juu, nyeusi haiiachii nafasi, inaifunika yote. Kompyuta yangu haikunionyesha; kioo chake huonyesha rangi, si amri.

Ningefanya nini? Watu wameshakaa. Dada hajiwezi, anapepewa. Kalamu gani inaandika juu ya weusi ule?

Jirani aliyepewa kusoma wasifu akaliangalia jalada akitafuta jina, akakohoa.

"Leo tunamsindikiza Mama Dukani."

Nikasimama nilitaje jina. Nikafungua mdomo, kikatoka kilio. Wajomba wakanishika mabega, wakanikalisha. "Jikaze, wewe ni mwanaume." Walidhani ni uchungu wa kawaida. Udongo ukaanza kumwagwa, na mimi nimekaa tu, natazama.

Siku ya nne nikarudi kazini na hasira zangu. Moja kwa moja hadi kwa fundi wa mashine, mzee mpole aliyenizidi umri na ujuzi.

"Mzee, hukuona jalada halina jina?"

"Niliona. Karatasi ya kwanza kabisa."

"Ukanyamaza!"

Akafuta mikono kwa tambara, taratibu.

"Mwezi uliopita nilisimamisha mashine kwa ile pakiti ya maziwa. Nikakuuliza mbona bluu imepanda juu ya manjano, pembeni pana mstari wa kijani. Ukanijibu mbele ya watu kwamba rangi lazima ziumane zisiache mwanya, na kwamba kazi yangu ni kuchapa, si kufikiri. Wakacheka."

Nilikumbuka. Mimi ndiye niliyecheka zaidi.

"Basi nilipoona jeusi tupu nikasema, Daktari anajua. Labda ndivyo familia ilivyotaka." Akanitazama. "Pole sana, mdogo wangu. Mama aliitwa nani?"

Nikamtajia, majina yote matatu. Akayarudia polepole, moja baada ya jingine.

Ndugu zangu mnaosoma, mtu uliyemziba mdomo jana usimtegemee akuonye leo. Mimi niliziba mdomo wa mtu mmoja, na wakati waliopewa vile vijitabu mia nne hawakuniuliza jina la mama yangu, yeye ndiye aliyeniuliza.