Pua ya Karakana

Kwenye karakana ya wachonga miiko, gogo halikushuka kwenye gari mpaka linuswe, na mnusaji alikuwa mmoja tu. Jina alilopewa na wazazi wake lilikwisha kusahaulika. Watu wote walimwita Pua, naye aliitika bila kinyongo, maana jina hilo ndilo lililokuwa heshima yake.

Alikuwa akipanda juu ya gari, anakwaruza gogo kwa kisu, anatemea mate kidogo pale penye kidonda na kusugua kwa dole gumba. Halafu anainama na kufumba macho kama mtu anayesali. Akiinuka anasema neno moja, "Shusha" au "Rudisha", na wauza magogo waliozoea kubishana na kila mtu hawakubishana na yeye.

Sababu ilikuwepo. Mti walioupenda kwa miiko na bakuli ulikuwa mweupe, laini kwenye patasi, na haukupasuka ukikauka. Lakini kulikuwa na mwingine uliofanana nao kwa rangi, kwa uzito, hata kwa mlio ukiugonga. Huo waliuita Shemeji, kwa sababu yumo humo humo nyumbani, anafanana na wenyewe, ila damu si moja. Mwiko wa Shemeji ukiingia kwenye chakula cha moto, mdomo wa mlaji unawasha na kuvimba. Kilichoutenganisha na mwenzake ni harufu tu, nayo ilitoka kwenye gogo bichi lililokwaruzwa muda huo huo. Mti ukishakauka, harufu nayo imepotea.

"Pua, hebu njoo umnuse na huyu mchumba wangu," Tezo alikuwa akimtania. Tezo alikuwa rafiki yake, kigogo chake cha kukalia kilikuwa jirani na cha Pua, na mdomo wake haukujua likizo. "Nisije nikaleta Shemeji ndani."

"Mpe yeye kisu akunuse wewe kwanza," Pua alijibu. "Hutashuka garini."

Basi yakaja mafua. Hayakuwa mafua ya kutisha. Alipiga chafya, akalala, akaamka, akarudi kazini. Jumapili moja alikuwa ameketi barazani amempakata binti yao, ambaye kwa unene na utulivu wake walimwita Kifurushi. Mkewe alitokea mlangoni na beseni la nguo, akasimama ghafla.

"Baba Kifurushi, umekaa na huyo mtoto hivyo hivyo?"

"Kafanya nini?"

"Unauliza kafanya nini? Mimi niko huku mlangoni machozi yananitoka. Nepi imejaa mpaka mgongoni."

Pua akatazama mkono wake. Kweli. "Mtoto wangu hanuki," alisema, akacheka. Mkewe naye akacheka, lakini kicheko chake kilikatikia njiani, akabaki anamtazama vile mama anavyomtazama mtoto anayesema haumwi popote.

Kesho yake, akipika, alimpitishia kitunguu kilichokatwa karibu na uso, kama mtu anayepita zake tu. Macho ya Pua yalilowa, lakini hakugeuka wala hakuuliza ni nini.

"Pua bado imelala?" mkewe aliuliza.

"Mafua tu. Yataondoka."

"Na kazini umewaambia?"

"Niwaambie nini? Kwamba Pua hana pua?"

Mafua yaliondoka, yakaondoka na kila kitu. Hewa iliingia na kutoka vizuri kabisa, ila haikubeba habari yoyote. Sabuni haikunukia, vumbi la mbao halikunukia, hata kichwa cha Kifurushi, ambacho zamani alikuwa akikinusa kabla ya kwenda kazini, kilikuwa na joto tu.

Lori la magogo likaja. Pua alipanda, akakwaruza, akatema mate, akasugua, akainama. Kimya. Alifumbua jicho moja akamchungulia muuzaji. Alikuwa mtu wa siku zote, anajipepea kwa kofia, hana wasiwasi. "Shusha," Pua alisema. Miiko ikachongwa, ikaenda sokoni, hakuna aliyelalamika. Pua alijua kwamba hilo si jibu. Mtu akiwashwa mdomo huilaumu pilipili.

Lori lililofuata lilikuwa la muuzaji mgeni, na magogo yalikuwa yamekwisha kuchunwa magome na kupasuliwa. Mgeni alitafuna kijiti, uso mkavu, hausomeki. Pua aliinama akakaa huko chini muda mrefu mno, akivuta hewa mpaka kifua kikauma.

"Umelala huko?" Tezo alipaza sauti kutoka chini. "Tukuletee mto?"

"Shusha," Pua alisema.

Kwa mbao hizo walichonga vijiko vya watoto. Wazo lilikuwa la Mama Msasa, mwanamke aliyekuwa akisugua na kung'arisha kazi za wote. Aliviviringa kingo, akavisugua mpaka vikawa laini kama sehemu ya ndani ya mdomo. Trei mbili zilipojaa, siku ya kupelekwa sokoni, alimwekea Pua kimoja kwenye mfuko wa shati.

"Hicho cha Kifurushi. Nasikia ameanza kula."

Pua alikwenda nyumbani mchana na kijiko kile kifuani, na njia nzima alikisikia kama mtu aliyemshika shati.

Mkewe alikuwa ameketi chini na bakuli la uji, mtoto mbele yake akijipiga magoti kwa hamu. Alikiona kijiko kabla mumewe hajavua viatu. "Mh, kizuri. Lete." Akakichukua mwenyewe mfukoni, akakisuuza, akachota uji, akapuliza. Kifurushi akafungua mdomo.

Pua akaudaka mkono wa mkewe. Uji ukamwagikia miguuni mwao.

"Ni wa moto," alisema.

"Nimepuliza, umeniona." Mkewe hakuuvuta mkono. Alimtazama mumewe usoni. "Mti wa kijiko hiki uliunusa?"

"Niliinama."

"Sijakuuliza kuinama."

"Sikusikia kitu. Tangu yale mafua sisikii kitu."

"Halafu ukawaambiaje?"

"Nikawaambia washushe."

Mtoto alianza kulia, akidai chake. Mkewe akamnyanyua, akampangusa miguu kwa upande wa gauni lake. Hakupandisha sauti. Laiti angepandisha, Pua angepata la kujitetea. "Vingine viko wapi?"

"Karakana. Jioni vinakwenda sokoni."

"Basi rudi sasa hivi, mume wangu. Chakula kitakusubiri."

Alipofika, wenzake walikuwa wamejinyoosha kivulini. Aliogopa kwamba akikaa hataweza, kwa hiyo alisema akiwa amesimama. "Mimi sinusi."

"Hunusi nini?" Tezo aliuliza.

"Chochote. Tangu nilipopata mafua."

"Na mimi tangu nizaliwe sioni," Tezo alisema, akacheka peke yake. Mama Msasa alikuwa ameacha kusugua.

"Rudia, mwanangu," alisema.

Pua akarudia, safari hii pamoja na muuzaji mgeni na kile kimya. Mama Msasa hakumlaumu. Alichemsha maji, akatumbukiza kijiko kutoka trei ya juu, akakitoa kinafuka moshi.

"Nipe mimi," Pua alisema.

Alikiweka mdomoni, wote wakimkodolea macho kama wanaosubiri chungu kichemke. Wakasubiri sana. Hakuna kilichowasha.

Tezo akapiga makofi. "Si mmeona? Pua ni pua hata ikilala. Kaka, ulikuwa unatutoa roho bure. Rudini kazini."

Watu wakashusha pumzi, mmoja akamgonga bega. Ilikuwa tamu. Angeweza kucheka nao, akakaa kwenye kigogo chake, akawa yule yule wa zamani. Badala yake alipitisha mkono chini kabisa ya trei ya pili, akatoa kingine.

"Hiki nacho."

Hicho nacho hakikuwasha. Alichukua kingine, cha mbao zilizotoka upande mwingine wa lori. Mara ncha ya ulimi ikachoma, kama mtu aliyelamba mchanga wa juani. Kisha mdomo wa juu ukaanza kuwa mzito. Hakuhitaji kioo, maana aliuona ukivimba kwenye uso wa Tezo.

Mama Msasa alichukua trei zote mbili akazimimina kwenye gunia. "Vyote nimevisugua kwa mkono huu," alisema, akaenda kukaa mbali nao.

Tezo alisogea, akasema kwa sauti ya chini ambayo Pua hakuwahi kuisikia kwake. "Na lile lori la kabla?"

"Na lile pia sikunusa."

"Miiko yake iko sokoni."

"Iko sokoni."

"Ungesema, Pua. Tungekucheka mwezi mzima, basi, yakaisha."

"Ndiyo maana sikusema."

Alichukua kapu tupu akaenda sokoni, jua likiwa bado kali. Mama muuza vyombo alimwona kwa mbali akaanza kupanga nafasi mezani. "Karibu fundi. Vijiko vyangu hivyo?"

"Nimekuja kuchukua," Pua alisema. Maneno yalitoka manene, yakikwama kwenye mdomo.

"Kuchukua nini tena? Na huo mdomo, umebusu nyuki?"

"Miiko mliyoletewa mwisho. Mti wake niliuchagua mimi, na sijui kama ni mzuri. Imebaki mingapi?"

Yule mama aligeuka kutazama kamba aliyokuwa akitundikia miiko. Ulikuwa umebaki mmoja. Aliufungua taratibu akautia kapuni, mzaha umemtoka wote.

"Walionunua unawajua?" Pua aliuliza.

"Mwenye mapacha, huyo namjua, anakaa nyuma ya mashine ya kusaga. Na yule bibi anayelea wajukuu." Akahesabu nyuso kichwani. "Waliobaki walikuwa wapita njia tu, fundi."

Pua akalibeba kapu lenye mwiko mmoja, akauliza njia ya kwenda kwenye mashine ya kusaga.