Kitufe Chini ya Kiti cha Dereva

Baba alipofariki mwaka 2016 aliniachia gari nililokuwa naliogopa tangu siku alipoliwasha kwa mara ya kwanza uani kwetu Randburg, kitongoji cha Johannesburg. Lilikuwa pikapu ya kizamani aliyoinunua ikiwa gofu tu. Aliifumua yote, akaishusha chini karibu iguse lami, akaifungia injini ya silinda nane isiyofunikwa boneti, na matairi ya nyuma mapana kupita kiasi. Wapenzi wa magari hayo huyaita hotirodi. Mimi nililiita balaa. Ukikanyaga mafuta kidogo tu linaruka, na breki zake zinataka uzikanyage kwa miguu miwili. Mimi nami ni mwoga wa kuzaliwa, sioni haya kusema.

Lakini kilichoninyima usingizi si mwendo wake. Baba alikuwa fundi wa umeme wa magari, mtu wa Tanga, na hapa Johannesburg alishanyang'anywa magari mawili kwa bastola. Safari hii hakutaka kifaa cha dukani, alisema wezi wanavijua vyote. Akatengeneza chake mwenyewe. Mlango wa dereva ukifunguliwa huku injini inaunguruma, baada ya muda mfupi petroli inakatika na gari linazima njiani, isipokuwa ubonyeze kitufe alichokificha chini ya kiti. Alikifurahia mno. "Watafika kwenye kona tu," alikuwa akisema, "halafu watatembea kwa miguu."

Mawazo yangu yalikuwa yanabaki pale pale kwenye kona. Watu wana bunduki, gari limewazimikia, na mimi bado nimesimama waliponishushia. Watatembea kwa miguu, sawa, lakini kuelekea wapi? Nilimuuliza siku moja. Alicheka, akaniambia nipunguze kuangalia filamu.

Ningekuwa na uamuzi wangu, ningeliuza mara tu baada ya arobaini. Mama ndiye aliyekataa. Alisema injini isiyowashwa inakufa, maneno ya baba hayo, kwa hiyo kila Jumapili nimtembeze nalo. Alikuwa akikaa kiti cha pembeni, ushungi umefungwa vizuri, mkongojo katikati ya magoti, akiusikiliza ule mngurumo. "Umemsikia mzee?" alikuwa akiniambia, na uso wote unang'aa. Mimi viganja vimelowa jasho kwenye usukani, natazama vioo kuliko barabara. Kila roboti, taa za barabarani za huku, ikiwaka nyekundu nilisoma dua. Watu walitupungia mikono, wakatupiga picha kwa simu zao, na kila aliyelipenda gari nilimshuku.

Siku yenyewe ilikuwa mchana kweupe. Tulikuwa tunarudi kutoka mjini kwa dada yake mama, roboti ikatukamata karibu kabisa na nyumbani. Vijana wawili wakaanza kuvuka mbele yetu, wapita njia tu. Mmoja akakata kuja dirishani kwangu, nikaiona bastola kabla sijauona uso.

"Shuka, sista. Acha ufunguo. Shuka!"

Nikafungua mlango, nikashuka. Na hapo hapo nikakumbuka kwamba mlango umefunguliwa na injini inaunguruma. Kile kitu cha baba kilikuwa kimeshaanza kazi.

Mama alikuwa bado anahangaika kushuka upande wa pili, magoti yake hayajui haraka. Mwenye bastola akakaa kwenye kiti changu. Nilijua lazima niseme, na niseme sasa. Nilipofungua mdomo kikatoka Kiswahili: "Kitufe! Chini! Bonyeza kitufe!" Kiingereza changu cha shule na Kizulu changu cha mtaani, vyote vilinikimbia. Yule kijana akadhani naita watu. Akanielekezea bastola kifuani, nami nikaganda. Nikajua kabisa kwamba nakufa.

Ndipo mama akasema, akiwa ameshikilia mlango wa upande wake. Aliongea kile Kizulu chake cha kuuzia vitenge mjini, polepole, kwa sauti anayomwelezea mteja bei. Alimwita "mntanami", mwanangu. Akamwambia gari litamzimikia hapo mbele, kuna kitufe chini ya kiti, mkono wa kulia, akibonyeze.

Kijana akamkazia macho. Kisha akainama, akapapasa, akabonyeza.

"Eish, gogo," akasema, yaani bibi. Mwenzake akamsogeza mama kando, akaingia, wakaondoka.

Tulisimama kando ya barabara tukisikiliza. Kwenye kona mngurumo ulififia, kisha ukapanda tena. Nilikuwa naomba kwa nguvu zangu zote gari alilolijenga baba yangu kwa mikono yake lisizime, liwapeleke wezi wale popote wanapokwenda. Liliendelea kunguruma mpaka magari mengine yakalimeza, na sikulisikia tena.

Mkongojo ulikuwa umekwenda na gari, mama akaniegemea begani. Nilianza kumpa pole kwa ajili ya gari la marehemu, akanikatiza kwa hasira ambayo sikuwahi kumsikia nayo akimtaja baba.

"Alilifikiria gari tu," akasema. "Hakuwaza nani atabaki barabarani."