Fimbo ya Babu

Nikimimina maji kwenye chungu kipya, ile harufu ya udongo hunirudisha Matema, ufukweni mwa ziwa. Siku zile kila mtu alipokuwa anaanza biashara, mama alinichukua kutoka Tukuyu tukanunue vyungu vya kuuza. Tulipofika ufukweni, mara akaniachia mkono, akakimbilia majini kujificha. Babu, baba mkwe wake, alikuwa anakuja, na kwetu ni mwiko mke wa mtoto na baba mkwe kuonana. Wimbi likamfunika mama, kitenge chake kikaelea peke yake.

“Mama yako yuko wapi, mjukuu wangu?” babu akauliza.

Nikanyoosha kidole ziwani, nikilia.

Babu akageuka, akaingia majini kinyumenyume, fimbo ameinyoosha nyuma. “Mwambie aishike! Mwambie simwoni!”

Niliita, niliita, mpaka fimbo ilipotikisika.